Shangazi wa Bustani: Panya, Bundi na Wageni Wengine wa Kiangazi

Haya wapendwa wangu karibuni tena. Mwezi huu mada sijaichagua mimi, meseji zenu ndo zimeichagua, karibu wote mnalia kilio kimoja, kuna kitu kinakula bustani. Na wala sishangai. Mvua zetu hapa Dodoma zikishakata mwezi wa nne ndo basi tena mpaka Desemba huko, pori lote linakauka linakuwa rangi ya vumbi, afu katikati ya vumbi hilo kuna uwanja wako wa Nzuguni au Ilazo una mchicha unamwagiliwa asubuhi na jioni. Panya anauona, ndege anauona, tumbili anauona kutoka mlimani. Kwahiyo kabla hujaniuliza upige dawa gani naomba unijibu kwanza wewe, ni nani anakula, na amefuata nini hapo kwako. Aliyeniandikia "shangazi kuna wadudu nisaidie" bila neno lingine, mwanangu rudi shambani usiku na tochi, uangalie, afu uniandikie tena, nitakujibu.

Shikamoo shangazi. Panya wananimaliza. Nikipanda mbegu za maboga na mahindi machache ya kuchoma wanafukua usiku huohuo, nyanya zikianza kuiva wanauma kila moja kidogo wanaacha. Jirani kanishauri ninunue ile sumu ya vipakiti wanayouza vijana barabarani, anasema panya anafia palepale. Naogopa maana nina mapacha wa miaka mitatu. Na tatizo lingine, kuna bundi anakaa juu ya nguzo ya simtanki kila usiku, baba watoto anataka amuue, anasema ni mkosi na ndo kaanza kuumwa mgongo toka huyo bundi aje. — Mama Mapacha, Nzuguni

Marahaba mama. Nianze na bundi maana huyo ndo ana haraka, mwambie baba watoto shangazi kampigia magoti asimguse.

Kesho asubuhi nenda pale chini ya nguzo ukaangalie. Utakuta vidonge vya rangi ya kijivu, vikubwa kama kidole gumba, vimekauka. Chukua kijiti ukivunje kimoja, ndani utakuta manyoya na vimifupa, mara nyingine fuvu zima la panya na meno yake yale ya mbele marefu. Bundi anamla panya kwa kummeza, nyama inasagika tumboni, mifupa na manyoya anatapika. Vihesabu hivyo vidonge, afu umwite baba watoto umwonyeshe. Mie kwangu Miyuji nilifanya hivyo na mama mkwe wangu, mtu mzima aliyekuwa akisikia bundi halali, alivyoona yale mafuvu alikaa kimya akaniambia basi mwache afanye kazi. Bundi hakuleta ugonjwa mama, kafuata panya uliowataja kwenye meseji yako mwenyewe. Mgongo wa baba apelekwe hospitali wakauangalie, nampa pole sana.

Sasa hiyo sumu ya vipakiti. Hapana. Hapana kabisa na hapa nasema kwa ukali kwasababu nimeshaona mtoto wa jirani akikimbizwa usiku. Kile kipakiti hakina jina la sumu, hakina kiwanda, hakina maelezo, mtoto akilamba ukafika hospitali daktari anakuuliza kala nini na wewe huna cha kumjibu. Panya "kufia palepale" ndo inapaswa ikutishe, maana ni sumu kali sana, kiasi kidogo tu kinaua na kuku na mbwa na mtu. Hata zile sumu zilizosajiliwa za dukani, zinazofanya damu ya panya isigande, zenyewe panya hafi hapohapo, anazunguka siku kadhaa amelewalewa, na anayemdaka kirahisi ni nani? Paka wako na huyo bundi wako. Unakuwa umeua mfanyakazi pamoja na mwizi.

Kitu cha kuelewa kuhusu hawa panya shamba wetu ni kwamba wanazaana kupita kiasi. Mimba ni siku 23 hivi tu, na mara moja jike anaweza kuzaa watoto 10 au zaidi. Kwahiyo kuua ua utachoka, ukiua watano leo na chakula bado kipo mwezi ujao wapo ishirini. Angalia chakula kwanza. Nakuuliza mama, kuku unafuga? Pumba zinalala bandani? Kuna gunia la mtama au alizeti limewekwa chini ukutani? Kuna rundo la matofali yaliyobaki ya ujenzi na mabati ya zamani nyuma ya nyumba? Hapa Dodoma kila uwanja mpya una rundo la matofali na kila rundo lina panya, nakwambia. Pumba zitolewe jioni, nafaka iwekwe kwenye pipa la bati lenye mfuniko au juu ya kichanja chenye miguu mirefu, na kila mguu uuvike bati la duara likiinamia chini kama sahani ili panya akipanda akwame. Rundo likishaondoka, nyasi fyeka mita mbili tatu kuzunguka bustani maana panya hapendi kuvuka sehemu tupu, bundi anamwona.

Afu mitego. Ule wa chuma wa kufyatuka ni mzuri, uweke ubavuni mwa ukuta maana panya anatembea akiugusa ukuta na masharubu, hakatizi katikati. Chambo karanga za kusaga au dagaa. Ndani ya boksi ama chini ya ndoo iliyotobolewa, mapacha wasiingize mikono. Ule wa ndoo pia unanasa wengi kwa usiku mmoja, unafukia ndoo mpaka shingo, unaweka maji nusu, juu unapitisha waya wenye kopo linalozunguka lililopakwa karanga, panya akikanyaga kopo linageuka anadumbukia. Ila kwenye nyumba ya watoto wa miaka mitatu ndoo ya maji iliyofukiwa ni hatari kama kisima, kwahiyo kwako wewe naomba tumia wa chuma tu.

Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Vaa mfuko, mfukie, pale alipofia mwagia maji yenye jiki. Mnakumbuka mwaka 2022 kule Ruangwa Lindi watu waliugua homa ikawa gumzo nchi nzima mpaka ikajulikana ni homa ya mgunda, ule ugonjwa unapita kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Ndo maana zile nyanya zilizoumwa kidogo usikate sehemu mbovu ukala iliyobaki. Tupa.

Na mbegu za maboga, otesha kwenye vikopo juu ya meza, mche ukiwa na majani manne ndo uhamishe. Panya anafukua mbegu, mche hana shida nao sana.

Shangazi habari. Mimi ni graduate, ajira sijapata nimeamua kulima nyanya nyuma ya nyumba ya mzee Iyumbu, miche kama 200. Majani yana michoro kama mtu kachora ramani, yanakauka, na nyanya zina vitundu vidogo karibu na kikonyo. Napiga dawa kila siku ya tatu, nimechanganya mbili kwa mpigo na bado. Nimeishiwa hela. Nifanyaje? — Mkulima Mpya, Iyumbu

Kwanza hongera kwa kushika jembe mwanangu na pole sana, hela ya dawa inauma. Uliyemchora hapo ni kantangaze. Wenzetu wa vitabuni wanamwita Tuta absoluta, kwao ni Amerika ya Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006 na hapa kwetu akagundulika 2014, jina la kantangaze wakampa wakulima wenyewe.

Sababu ya dawa zako kushindwa ni kwamba mdudu hayupo pale unapopiga. Nondo mama, kadogo ka kijivu urefu kama punje ya mchele, anataga mayai mpaka 200 na ushee, kiwavi akianguliwa anaingia katikati ya jani, yaani kati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula nyama ya jani huku kajifunika, dawa yako inapita juu kama mvua juu ya bati. Akimaliza anashuka kwenye udongo anajigeuza, anatoka nondo mwingine. Na kwa joto letu mzunguko mzima unaisha ndani ya mwezi mmoja hivi. Kupiga kila siku ya tatu tena dawa mbili pamoja kumefanya vitu viwili, umewazoesha sumu, wale wachache wanaobaki ndo wanaozaa sugu wenzao, na umewaua wale waliokuwa wanawala, buibui, vunjajungu, nyigu wadogo. Halafu mwanangu hizo nyanya mnazila nyumbani. Kila dawa kwenye kopo imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kuna za siku 3 kuna za siku 14, sasa unayepiga kila siku ya tatu unavuna lini?

Simamisha kupiga. Pita mche kwa mche asubuhi, chuma kila jani lenye mchoro na kila tunda lenye tundu, lakini usilitupe pembeni ya shamba maana kiwavi ataendelea na safari, tia kwenye mfuko mweusi wa plastiki, funga, acha juani siku kadhaa mpaka vyote vioze kwa joto. Jua letu hili likufanyie kazi. Rudia kila baada ya siku mbili. Miche 200 inawezekana kabisa, ingekuwa ekari tano ningekuambia kitu kingine. Palilia na kuchimbua udongo chini ya miche ili vile vinavyojigeuza viungue na vionekane na kuku. Nenda duka la pembejeo uulize mtego wa kantangaze, kale ka kidonge kenye harufu ya nondo jike, unakaning'iniza juu ya beseni la maji yenye sabuni, madume yanadumbukia. Hautawamaliza ila utakuonyesha wapo wangapi.

Kama lazima upige kitu basi anza na mwarobaini, Dodoma hatuna uhaba wa mwarobaini. Kokwa kavu zilizomenywa nusu kilo, twanga, loweka kwenye maji lita 10 usiku kucha, chuja na kitambaa, weka sabuni ya maji kijiko kimoja vijiko viwili ili ishike kwenye jani, piga jioni jua likishazama. Ukipiga saa sita mchana jua linaua nguvu yake umepoteza kazi. Na usitegemee kiwavi adondoke akiwa amekufa, mwarobaini unamfanya akatae kula na ashindwe kujivua ngozi, baada ya siku kadhaa ndo utaona michoro mipya haiongezeki. Usijaribu ile ya ugoro mwanangu, watu wanaishauri sana, tumbaku ni sumu kali kwa mpigaji na inaweza kuleta ugonjwa wa virusi kwenye nyanya maana ni ndugu mmoja.

Msimu ujao hapo usirudishe nyanya, wala bilinganya, wala nyanya chungu, wala viazi mviringo, wala mnavu usiuache ukiota pembeni, wote ukoo mmoja na kantangaze anawajua. Weka kunde, bamia, chainizi. Utapata hela ndogo ila utapata.

Mjukuu wangu, mimi mzee wa Mvumi nina eka moja na nusu ya mtama na uwele. Kila mwaka wale ndege kwelea wananimaliza. Zamani tulikuwa tunawaamia, yaani kuwafukuza shambani, watoto wakiwepo, sasa watoto wapo shule. Serikali inaleta ndege ya kupiga dawa lakini hawafiki kwangu kwa wakati. Kuna mbegu wasiyoila? — Babu

Shikamoo babu. Nashukuru umeandika, najua kwako hii ni chakula cha mwaka mzima, siyo mboga ya pembeni kama sisi wa mjini.

Kwelea mmoja ni mdogo, uzito wake gramu 20 hivi, na kwa siku anakula nafaka kama gramu 10. Kidogo eeh? Ila wakija laki moja ni tani moja kwa siku. Ndo maana mtu mmoja na kombeo analemewa. Mbegu asiyoila kabisa haipo babu, akikosa kingine anakula yoyote. Ila mtama mwekundu ule mchungu wenye ukakasi anauacha mwisho, kama jirani ana mtama mweupe atakwenda kwa jirani kwanza. Ubaya wake ugali wake unaujua mwenyewe, na sokoni mweupe ndo unaulizwa.

Kinachosaidia zaidi ni kupanda kwa pamoja kijiji kizima ndani ya wiki moja. Atakayepanda mapema peke yake ataliwa peke yake, na atakayechelewa vilevile. Mkipanda pamoja ndege wanagawana shamba la wote na hasara inakuwa nyembamba. Afu ile hatua ya punje kuwa na maziwa mpaka ianze kukauka ndo wiki za hatari, hapo ndo muamie kwa zamu, asubuhi toka alfajiri mpaka kama saa tatu na jioni toka saa kumi mpaka giza, mchana wa jua kali wanapumzika mitini nanyi mpumzike. Familia saba zikigawana zamu kila mtu anaamia siku moja kwa wiki na watoto wanabaki shule, naomba sana wabaki shule. Ikikomaa kata mapema, ukaushie nyumbani juu ya uchanja, usisubiri ikaukie shambani.

Kuhusu ndege ya serikali, wanaohusika ni TPHPA, ile Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na wao wanapiga pale kwelea wanapolala au walipojenga viota kwenye miiba, hawapigi shambani kwako. Kwahiyo cha kuripoti kwa afisa kilimo wa kata ni wanalala wapi, mti gani, bonde gani. Jioni fuateni kundi mjue linatua wapi, mpeleke taarifa hiyo, na muipeleke wakati uwele ndo kwanza unachanua, msingoje umeshaliwa. Jambo moja naomba ulitangaze kijijini babu, Kondoa huko na kwetu watu wanawatega kwelea kwa nyavu wanakula na ni kitoweo kizuri tu, lakini waliopigwa dawa na ile ndege ya serikali msiwaokote hata mmoja. Ile sumu inabaki mwilini mwao. Mwewe na bundi wanaowala hao walioanguka na wenyewe wanakufa, na hicho kinaniuma kila mwaka.

Shangazi nimeona nyoka mweusi kapita kwenye matuta ya matembele asubuhi. Mke wangu hataki tena kwenda bustanini. Nimwage dizeli kuzunguka nyumba? — Kisasa

Usimwage. Dizeli haimzuii nyoka na udongo wako utakaa muda mrefu haushiki kitu. Vitunguu swaumu pia hapana, chumvi hapana.

Rangi nyeusi tu hainitoshi kukuambia ni nani, wapo weusi wasio na sumu wanaokula panya na vyura, na wapo akina swila. Usimfuate umtambue. Kama yuko ndani ya tundu au stoo na hatoki, piga simu ofisi ya wanyamapori ya halmashauri au TAWA, ile mamlaka ya wanyamapori, watu wa kazi hiyo wapo. Kama alipita tu, basi alipita akifuata panya, kwahiyo rudi juu usome jibu la Mama Mapacha lote, nyoka anaondoka chakula chake kikiondoka. Matembele yapunguze yasitambae yakawa godoro, mwagilia asubuhi kukiwa na mwanga, vaa gambuti, na kabla ya kuingiza mkono gusagusa na fimbo ndefu.

Mtu akiumwa, Mungu apishe mbali, mkalishe atulie, mvue pete na bangili, mguu au mkono uufunge na ubao usichezecheze, asitembee, abebwe apelekwe hospitali moja kwa moja. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu, jiwe jeusi msipotezee nalo muda. Akitemewa sumu machoni na swila muoshe na maji mengi safi kwa dakika nyingi bila kuchoka, kisha hospitali.

Mipapai yangu mitatu imejaa kitu cheupe kama pamba chini ya majani na kwenye matunda, na sisimizi wanapanda wanashuka mchana kutwa. Nimepiga dawa ya sisimizi haijasaidia. — Msalato

Sisimizi hawali mpapai mdogo wangu, wao ni wachungaji. Hiyo pamba ni vidung'ata, wanafyonza maji ya mti na kutoa utamu kwa nyuma, sisimizi wanakunywa utamu huo na kwa malipo wanawafukuza wadudu wanaokuja kuwala vidung'ata, kama yule mdudu wa mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye watoto wengi wanamuua wakidhani ni mbaya. Kwahiyo ng'oa mchungaji kwanza. Zungushia shina kitambaa au karatasi ya nailoni iliyopakwa grisi, upana wa kiganja, na majani ya mpapai yasiguse ukuta wala mti mwingine maana watatumia hilo kama daraja. Majani yaliyojaa kabisa kata uyachome. Yaliyobaki pigia maji kwa nguvu chini ya jani, kisha maji ya sabuni, kijiko kimoja cha mezani kwa lita moja, kila baada ya siku nne tano. Sabuni inawaua ikiwagusa tu, kwahiyo usipake juu ukaacha chini. Papai lenyewe linafutika, osha ule.

Tumbili! Nipo Ntyuka chini ya mlima, wanashuka kumi na zaidi, wanang'oa karoti wanaonja wanatupa. Naruhusiwa kuwapiga risasi?

Hapana, ni wanyamapori, wanalindwa na sheria ya mwaka 2009, kuua bila kibali ni kosa. Wewe ndo umejenga njiani kwao na wao hawana pa kwenda kipindi hiki. Jitahidi wasijifunze kwamba kwako ni salama. Jalala lifunikwe, mtu yeyote mtaani asiwarushie ndizi hata kwa kufurahisha watoto, mbwa awe nje asubuhi ile wanayoshuka, na mboga zilizo chini karibu na ukuta wa mlimani zibadilishe uweke pilipili na vitunguu, karoti hamisha karibu na mlango wa jiko. Chombo cha maji kiweke mbali kule juu nje ya uzio. Wengine watanilaumu kwa hilo la maji ila mimi nimeona kwa macho yangu, nyanya nyingi kiangazi zinatobolewa na ndege na wanyama kwa kiu tu, siyo njaa, wakipata maji wanapunguza.

Mchwa wanakula miche ya miembe ikiwa mibichi kabisa, nimemwagia oili chafu ya gari. — Veyula

Oili chafu acha leo hii, mizizi inakufa nayo. Mchwa wetu wanapenda kitu kikavu kilichokufa, wakikosa ndo wanageukia mche wenye kiu. Weka matandazo ya nyasi lakini mita moja mbali na shina ili wale hayo, mche wenyewe umwagilie uwe na nguvu, na njia zao za udongo ukiziona kwenye shina zibomoe kila siku, pakaa majivu shingoni. Mche uliokwisha kukauka ung'oe haraka maana huo ndo unawaita.

Shangazi shikamoo. Mimi nipo darasa la sita Kongwa. Nimemkamata kalunguyeye kwenye mchicha wa mama nimemweka kwenye boksi. Anajiviringa tu na hali mchicha. Anakula nini na maziwa nimpe?

Marahaba mpenzi wangu, na asante kwa kuuliza kabla hajafa.

Hali mchicha kwasababu hakuja kwa ajili ya mchicha. Anakula mende, mchwa, viwavi, konokono, jongoo, usiku mmoja anapita bustani nzima ya mama akikusanya wote hao, mchana analala. Kujiviringa ni kwasababu anakuogopa, anaficha tumbo lake ambalo halina miiba. Maziwa usimpe, yanamharisha na anaweza kufa. Leo jua likishazama mpeleke palepale ulipomkuta, uliweke boksi kwa ubavu, usimtingishe, kaa mbali na mama ukimya, atachungulia pua kwanza, akiona kimya atatoka mwenyewe. Weka na maji kwenye kifuniko cha ndoo, kifupi asizame, na kila jioni ukimwagilia mchicha ukijaze. Pembeni kule kwenye uzio acha kirundo kidogo cha majani makavu usikichome, atalala humo. Afu uniandikie kama amerudi.